Tumemaliza Kuzaa

Kama una ng'ombe Gatitu, basi unamjua Ngatia. Ukiamka ukamkuta Friziani wako analia tangu alfajiri na kuwapanda wenzake, hutafuti namba nyingine kwenye simu. Ngatia atakuja na pikipiki yake, mtungi wa naitrojeni umefungwa nyuma kwa mpira, atavaa glavu inayofika begani, atamtia ng'ombe mbegu ya dume ambaye hakuna aliyewahi kumwona, na atamaliza kabla chai yako haijachemka. Baada ya miezi tisa una ndama. Watu wa huko wana mzaha wao wasiouchoka. "Daktari," humwambia, "hii Gatitu yote, ndama ni zako." Naye Ngatia hucheka. Miaka kumi na mmoja amekuwa akicheka.

Mwaka huu kicheko kilianza kumkwama.

Maana yeye mwenyewe, mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, mwenye mke ambaye wanaume wazima hugeuza shingo akipita, alikuwa hana analoweza. Si nguvu tu, hata hamu ilikuwa imemtoka, akawa anarudi nyumbani na kusinzia kwenye kochi na viatu mguuni. Murugi akimshika mkono, alihisi aibu kabla hajauhisi mkono wenyewe. Alimpenda mke wake, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi: moyo ulikuwa palepale, mwili ndio ulioaga.

Tusimcheke. Mtu anayesifiwa kwa uzazi, hata uwe wa ng'ombe, ana safari ndefu kuliko wengine mpaka afike kwenye kiti cha daktari. Ngatia alipoamua kwenda hakwenda Nyeri mjini, ambako kila nesi ana mama mwenye ng'ombe. Alikwenda mpaka Nanyuki, kwenye kliniki moja ya ghorofani, akiwa amevuta kofia hadi kwenye nyusi. Na huko akakuta daktari mwenyewe ni mwanamke, Daktari Sahra, mwenye mtandio wa kijivu na sauti ya chini. Nusura ashuke ngazi arudi alikotoka.

Damu yake ilipimwa mara mbili, asubuhi mbili tofauti. Mara zote mbili homoni ya kiume ilikuwa chini sana.

"Hii si laana na si makosa yako," Daktari Sahra alimwambia. "Ni ugonjwa, kama vile mtu ako na sukari. Lakini kabla nikuandikie dawa, nikuulize kitu. Wewe na mama mmemaliza kuzaa?"

Ngatia aliangalia viatu vyake.

"Nauliza kwa sababu kuna hii dawa ya kupaka. Inarudisha nguvu, lakini inalaza mbegu. Kama mnataka mtoto, hiyo sitakupatia. Kuna zingine. Hizo zinaenda polepole zaidi, na lazima nimwone mama pia."

Alipolisikia neno hilo la mwisho, Ngatia aliingiwa na hofu. Alimwona Murugi ameketi kwenye kile kiti kitupu kando yake, anasikia mambo yote ya mumewe kutoka kinywani mwa mwanamke mwenziwe. Afadhali afe.

"Tumemaliza," alisema.

"Mmeongea na yeye?"

"Tumeongea. Tumemaliza kuzaa."

Daktari akaandika. Kisha akampa masharti: pakiti moja kila asubuhi, mabegani, baada ya kuoga, aache ikauke, avae shati, anawe mikono, na mke wala mtoto asiguse pale alipopaka. Na asiwe na haraka. "Wengine wanasikia mabadiliko baada ya wiki tatu, wengine sita, wengine ni miezi. Usijiongezee hata kidogo. Baada ya wiki sita urudi tupime damu. Kama ni kuongeza ama kupunguza, ni mimi nitakuambia."

Bahati mbaya Ngatia alikuwa na ujuzi wake wa homoni, na ujuzi huo ndio uliomponza. Ng'ombe asiyekuja joto, yaani asiyetaka dume, unamdunga sindano Jumanne, na Ijumaa utamsikia mtaa mzima. Kwake yeye homoni ilikuwa kitu cha siku tatu. Wiki mbili zilipopita akijiona yuleyule, alikata shauri kwamba yule mama wa Nanyuki anampimia kwa kijiko cha mtoto. Akaanza kupaka pakiti mbili. Hamu haikuja. Zilizokuja ni chunusi mgongoni, kama za kijana wa sekondari, na hasira za karibu ambazo hakuwa nazo zamani.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Jumamosi hiyo, wiki ya sita, siku ambayo mama mkwe alikuwa anakuja kwa chakula cha mchana.

Njoki, binti yao wa miaka saba, alikuwa kanisani kwa mazoezi ya kwaya hadi jioni. Ngatia alikuwa amejifungia kwenye stoo ya kando ya zizi, mahali anapoweka glavu zake na madawa ya ng'ombe, kifua wazi, anajipaka ile ya pili. Ila mlango wa stoo ile ulikuwa na komeo bovu. Murugi aliusukuma kwa nyonga, akiwa amekuja kuchukua sufuria kubwa ya kupikia mukimo, akamkuta amempa mgongo.

Wiki sita alikuwa hajauona mgongo ule. Alisimama. Ulikuwa mgongo mpana aliouzoea tangu wakiwa wachumba, na jua la saa nne lilikuwa limeuangukia kupitia dirishani. Murugi alisahau sufuria. Alisogea akauweka mkono wake begani kwa mumewe, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

"Usiniguse!"

Ngatia aliruka akaupiga ule mkono. Sauti yenyewe ilimshtua hata yeye. Murugi alirudi nyuma hadi ukutani, mkono wake kaubana kifuani.

"Nimekuumiza?" aliuliza polepole.

"Si hivyo."

"Ni aje basi? Wiki sita, Baba Njoki. Unalala na shati kama mgeni. Nikigeuka, unageuka. Ukitoka kuoga unanuka spiriti. Leo nimegusa mgongo ya bwanangu, na unatoa mkono yangu kama nzi."

"Murugi, nawa mikono kwanza."

"Ati nini?"

"Nawa mikono. Na sabuni. Tafadhali."

"Ati sasa mimi ndio mchafu!" Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa. "Nipatie tu jina. Ni nani huyo hataki nikuguse? Ni yule mjane wa Kiganjo wa ng'ombe nane? Kila wiki ng'ombe yake moja iko na shida!"

Siku nyingine Ngatia angecheka. Siku hiyo alitamani ardhi impokee. Alivaa shati lake haraka, akamshika mkono juu ya kitambaa cha mkono wa sweta yake, akamwongoza mpaka kwenye mfereji wa nje. Akafungua maji. Akaichukua sabuni akaanza kunawa, mikono yake na ya Murugi pamoja, kidole kwa kidole, na Murugi kwa mshangao akamwacha. Maji ya Gatitu ni baridi ya kukata. Hakuna aliyeitoa mikono yake.

Ngatia alizungumza akiiangalia ile mikono, kwa kuwa macho ya mke wake hakuyaweza.

"Hakuna mjane. Ni dawa. Ya kupaka hapa kwa mabega. Daktari alisema isikuguse, ni mbaya kwa mwanamke. Ni homoni ya kiume. Yangu iko chini, Murugi. Iko chini kabisa. Bwana yako amekwisha. Hiyo ndio jina ulikuwa unatafuta."

Murugi aliufunga mfereji. Alimtazama jinsi mtu anavyoitazama nyumba aliyodhani imeungua.

"Kwa hivyo hakuna mwanamke?"

"Mwanamke ni wewe. Na hata wewe nilikuwa nakukosa nikiwa kando yako."

Hapo Murugi alikaa juu ya gunia la chakula cha ng'ombe akalia vizuri, na katikati ya kulia akaanza kucheka. "Na vile nimejiangalia kwa kioo! Nimekaa huko kazini Majengo nafuma sweta za watu nikijiuliza nimezeeka wapi."

"Hujazeeka mahali."

"Ungeniambia."

"Ningeanzia wapi? Mimi ndio huyo watu wanaita baba ya ndama."

"Na dawa inasaidia?"

"Bado." Aliirudisha sabuni mahali pake. "Alisema pakiti moja. Mimi napaka mbili."

"Kwani wewe ni ng'ombe?" Murugi alimkodolea macho. "Alisema moja?"

"Moja."

"Basi ni moja. Na tutangoja. Hata kama ni mwaka, tutangoja, lakini usiwahi kunionyesha shati tena." Alisimama akampangusia maji ya kidevuni kwa ncha ya leso yake. Walikuwa karibu sana, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi Ngatia hakurudi nyuma. Kisha Murugi akasema, kwa furaha tupu, "Na ukipona, tutampatia Mama jina yake."

Kama hujaoa huku kwetu, huenda neno hilo halikushtui. Binti wa kwanza huitwa jina la mama wa mume. Wa pili huchukua la mama wa mke, na siku hiyo bibi huyo husemwa amezaliwa katika nyumba ile. Njoki alibeba jina la mama yake Ngatia, na tangu hapo mimba nyingine haikuwahi kushika. Mama yake Murugi, Wacera, alikuwa miaka saba anangoja kuzaliwa.

Ngatia alifungua mdomo. Pale pale ndipo alipotakiwa kusema. Lakini mke wake alikuwa anamtabasamia, naye alikuwa na njaa ya tabasamu lile, na lango likagongwa. Mama mkwe alikuwa amefika kutoka Karatina. Ngatia akaufunga mdomo wake.

Chakula kililiwa. Wacera alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sabini na kitu, kitambaa cheupe kichwani, mwenye kula kidogo na kuona mengi. Alisifu mukimo, akauliza habari za ng'ombe, akaomba chai. Ngatia alikwenda jikoni kuchukua chupa ya chai mwenyewe, akifurahia kupata pa kukimbilia. Ukuta wa jiko lile ni wa mbao.

"Murugi," alisikia sauti ya mama mkwe, imeshuka. "Sasa ako mbali. Niambie ukweli. Unameza zile tembe za kuzuia?"

"Mama, tafadhali."

"Miaka saba. Kanisani wananiuliza kama sitazaliwa. Wanasema msichana wangu amekataa kuzaa, ati sweta za Majengo zimekuwa tamu kuliko watoto."

Ngatia alisimama na chupa mkononi. Alingoja mke wake ajitetee. Ilikuwa sentensi moja tu, na tangu saa nne asubuhi alikuwa nayo.

"Waache waseme, Mama," Murugi alijibu. "Ni mimi. Nilitaka kazi isimame kwanza. Baba Njoki hana makosa. Lakini mwaka ujao utazaliwa. Nakuahidi."

Kuna aibu inayomfanya mtu ajifiche, na Ngatia aliijua hiyo vizuri, alikuwa ameishi nayo. Hii iliyompata jikoni ilikuwa nyingine. Mke wake alikuwa amebeba lawama yake mbele ya mama mzazi, kwa moyo mweupe, na juu yake akatoa ahadi ambayo yeye Ngatia alishaifuta kule Nanyuki kwa neno moja.

Miaka tisa ya ndoa hakuwahi kutamka neno la mwili mbele ya mama mkwe. Hata tumbo likimuuma, kwa Wacera alisema ana homa. Ndiyo heshima, na hakuna aliyemfundisha njia ya kuivuka. Aliingia sebuleni, akaweka chai mezani, asikae.

"Mama," alisema, "sio Murugi."

Murugi aliinua kichwa. "Baba Njoki, leta vikombe."

"Sio Murugi. Hajameza tembe yoyote. Mimi ndio niko mgonjwa. Ugonjwa ya wanaume. Niko kwa dawa."

Wacera alishusha macho akayaweka kwenye kitambaa cha meza, kwa staha, akayaacha huko.

"Imetosha," Murugi alisema. Alikuwa amesimama, uso umemjaa upole na woga kwa ajili yake. "Imetosha, umesema. Kaa."

"Haijatosha. Iko ingine, na hii sikukuambia." Sasa alimtazama mkewe usoni, maana hili halikuwa la kusemwa akiangalia mikono. "Daktari aliniuliza kama tumemaliza kuzaa. Nikasema tumemaliza. Akauliza kama nimeongea na wewe, nikasema tumeongea. Hiyo dawa inalaza mbegu, Murugi. Alinieleza mapema. Kulikuwa na ingine ya watu wanataka mtoto, lakini ni ya polepole, na alitaka akuone. Mimi sikutaka ujue. Kwa hivyo nilichagua hii."

Ule upole ulimtoka Murugi usoni kidogo kidogo, hadi ukaisha.

"Ulinijibia," alisema.

"Ndio."

"Na hii asubuhi, ukininawa mikono, nikikuambia tutampatia Mama jina. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukanyamaza, ukaniacha nikapika nikiimba."

Aliyezungumza ni Wacera, macho bado mezani.

"Baba Njoki, hiyo ya ugonjwa nimesikia, na itabaki hapa. Mzee wangu pia alikuwa na yake, na hakuwahi kunyosha mgongo akasema vile umesema." Alivuta pumzi. "Lakini sikukuja juu ya jina. Huyu ananipigia simu kila Jumapili akijifanya anacheka. Nilimzaa, najua vile anacheka. Nikasema wacha nimchokoze na mambo ya jina, labda ile ingine itatoka. Kama ni jina tu, mimi niko na yangu. Ilinitosha miaka yote hii."

"Si wewe ulikuwa unaitaka, Mama," Murugi alisema, sauti imevunjika. "Ni mimi. Nilikuwa nataka kumwita mtoto kwa lango, jioni, nisikie nikisema Wacera."

Akatoka chumbani. Chai haikunywewa.

Aliporudi alikuwa amevaa sweta na kubeba kikapu cha mama yake. Wacera alimpa Ngatia mkono wa kwaheri, akaushikilia kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida, akatangulia langoni kwa hatua zake ndogo. Murugi alibaki kwenye ngazi, kikapu mkononi, hamtazami.

"Hiyo mbegu," aliuliza, "ikilala inaamka?"

"Alisema mara nyingi inaamka, mtu akibadilishiwa dawa. Lakini ni miezi mingi. Na hakuna kuahidiwa."

"Kwake unarudi lini?"

"Jumatano. Saa tatu."

"Nitakuja. Utamwambia ulimdanganya. Na utamwambia ile ya pakiti mbili."

"Nitamwambia."

"Mimi nikiwa nimekaa hapo."

"Ukiwa umekaa hapo."

Murugi aliitikia kwa kichwa. Alishuka ngazi moja, ya pili. Ngatia aliona kisogo chake, zile nywele fupi za shingoni anazozipenda, na hofu ya kweli ikamshika, kubwa kuliko ile ya Nanyuki. Karatina si mbali. Wanawake wengi wamemsindikiza mama steji wakapanda matatu naye.

"Utarudi leo?" alimuuliza.

Alisimama. Aligeuka nusu, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Nampeleka Mama steji. Nikirudi nitakuwa bado nimekasirika."

"Rudi tu hivyo hivyo," Ngatia alisema.